Jani, chavua, fitolithi au nta: uchague kipi kusoma hali ya hewa ya kale?

Njia ipi ni bora? Ndilo swali linalotangulia kila mara mwanafunzi wa jiolojia au akiolojia anapotaka kutumia visukuku vya mimea kujua mvua na joto la zamani. Jibu langu huwa swali: tope lako limetoka wapi? Katika nchi zetu za Bonde la Ufa mtafiti hachagui peke yake. Mashapo yameshachagua kabla hajafika. Kuna korongo ambalo chavua zote zimeoza, ikabaki silika. Kuna ziwa la magadi ambalo silika imeyeyuka, ikabaki nta. Na kuna mahali pachache mno ambapo jani zima limelala katikati ya tabaka mbili za mwamba, mishipa yake yote ikihesabika.

Hapa nalinganisha njia nne: majani, chavua, fitolithi (vigande vidogo vya silika, madini yanayofanana na kioo, vinavyoundwa ndani ya mimea), na nta ya majani pamoja na isotopu zake (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti). Miti iliyogeuka mawe na makaa nitayagusa tu. Namwandikia mtu mwenye mradi wa shahada ya uzamili na fedha za kubana, si timu ya watu thelathini yenye magari manane.

Jani zima: adimu, ila linatoa namba

Ubora wa jani ni huo: linatoa namba. Njia nyingine kwa kawaida hukueleza uoto ulikuwaje, kisha wewe ndiye unayekadiria mvua kutokana na uoto huo. Jani linairuka hatua hiyo, kwa sababu umbo lake lenyewe limefinyangwa na maji na joto. Mwaka 1915 Wamarekani Irving Bailey na Edmund Sinnott walionyesha kwamba kadiri nchi inavyokuwa na joto, ndivyo spishi za miti yenye majani ya ukingo laini zinavyozidi zile zenye meno. Baadaye misitu ya Asia ya Mashariki ikatoa mlinganyo ambao bado unafundishwa: chukua uwiano wa spishi zenye ukingo laini, zidisha kwa 30.6, ongeza 1.14, unapata wastani wa halijoto ya mwaka kwa nyuzi za Selsiasi. Spishi 12 kati ya 20 zikiwa laini, ni nyuzi 19.5.

Hesabu hiyo inafaa sana kwenye visukuku vya Wyoming au Ujerumani. Kwetu haisaidii sana. Miti mingi mno ya nyanda za chini za tropiki ina ukingo laini, kwa hiyo jibu linakuja lile lile, nyuzi 28 au zaidi, hata kama eneo moja lilikuwa msitu mnene na jingine pori kavu. Kinachosema kitu hapa ni ukubwa wa jani. Penye maji ya kutosha mti humudu majani mapana. Ukame unapozidi, majani hupungua upana. Mwaka 1999 Bonnie Jacobs alichapisha milinganyo ya mvua iliyojengwa kwa majani ya miti ya Afrika yenyewe, na hiyo ndiyo ya kuanzia kwa yeyote anayefanya kazi huku.

Mfano ulio karibu nasi ni Mahenge, kwenye uwanda wa Singida. (Si Mahenge ya Ulanga kule Morogoro kwenye vito, jina tu limefanana.) Miaka milioni 46 hivi iliyopita palikuwa na ziwa dogo ndani ya shimo la volkano. Tope laini likatua taratibu chini yake, likafunika samaki, popo, na majani mengi ya jamii ya mikunde. Jacobs na Patrick Herendeen walipopima ukubwa wa majani hayo walipata mvua ya karibu milimita 660 kwa mwaka, katika pori la miti linalofanana na miombo. Jambo hilo lilishtua kidogo, kwa sababu picha iliyozoeleka ya Afrika ya enzi hizo ni msitu wa mvua kutoka bahari hadi bahari. Kumbe pori kavu la mikunde ni kongwe kuliko tulivyodhani.

Kenya nayo ina Milima ya Tugen, Baringo. Pale Kabarsero, majani ya takriban miaka milioni 12.6 ni ya msitu wenye unyevu, wenye undugu na misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Si mbali na hapo, Kapturo, majani ya karibu miaka milioni 7 ni madogo na ya nchi kavu. Tofauti hiyo huioni kwa hadubini pekee. Unaiona kwa macho ukiweka sahani mbili za mwamba mezani.

Basi kwa nini kila mtu asifanye majani? Kwa sababu hayapatikani. Yanataka ziwa tulivu, tope laini na mazishi ya haraka. Wengi huweka spishi 20 za miti kuwa kiwango cha chini ili hesabu iaminike, na kufikisha 20 ni msimu mzima wa kupasua mawe. Tena jani huanguka karibu na mti wake, kwa hiyo linaeleza ukingo wa ziwa, si nchi nzima. Na mimea ya kingo za maji ina majani yenye meno kupita kiasi, jambo linaloifanya hesabu ya joto itoe baridi ambayo haikuwepo. Kama huna tabaka la majani lililokwisha kuthibitishwa na mtu aliyelishika mkononi, usiandike pendekezo la mradi ukitegemea kulikuta.

Jani likiwa limehifadhi ngozi yake ya nje, kuna zawadi ya ziada: stomata, yaani vitundu vidogo ambavyo jani hupitishia hewa. Mwaka 1987 Ian Woodward alionyesha, kwa majani yaliyotunzwa hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) kwa karibu miaka 200, kwamba msongamano wa stomata umepungua kwa takriban asilimia 40 kadiri hewa ya ukaa ilivyoongezeka. Kwa hiyo majani yale yale yanaweza kukupa mvua na kukudokeza hewa yenyewe ilikuwaje. Ngozi hiyo, kwa bahati mbaya, hudumu mara chache.

Chavua: mfalme wa vinamasi, maskini wa makorongo

Chavua ndiyo njia kongwe ya kuhesabu. Lennart von Post wa Sweden aliitambulisha mwaka 1916 na tangu hapo imekuwa msingi wa kazi za maziwa na vinamasi dunia nzima. Ganda la punje ya chavua ni gumu ajabu, haliungui kwa asidi, lakini lina adui mmoja: oksijeni. Penye maji ya kudumu na tope jeusi linadumu makumi ya maelfu ya miaka. Penye udongo unaolowa na kukauka, linaoza.

Ndiyo maana ramani ya kazi nzuri za chavua huku kwetu inafuata milima. Mlima Kenya kuna ziwa liitwalo Sacred Lake, kwenye mwinuko wa mita 2,350 hivi. J. A. Coetzee alichapisha chavua zake mwaka 1967 na kuonyesha kwamba katika kipindi cha barafu mimea ya baridi ya juu mlimani ilishuka sana, kama mita 1,000, na msitu ukarudi nyuma. Kwenye vinamasi vya Udzungwa na Uluguru hadithi ni nyingine kabisa: msitu wa milima hiyo ya Tao la Mashariki ulibaki pale pale katika kipindi hicho hicho, ukilindwa na unyevu wa Bahari ya Hindi. Njia moja, majibu mawili, na yote yanaaminika. Hapo ndipo chavua inapokuwa tamu, kwa sababu inakupa mlolongo: sentimita kwa sentimita, karne kwa karne.

Lakini Sacred Lake ina funzo jingine ambalo mtumiaji wa chavua lazima alijue. Kwa miaka thelathini kushuka kwa mimea kule kulisomwa kama baridi tu. Mwaka 1997 timu ya Alayne Street-Perrott ilipima isotopu za kaboni za tope la ziwa hilo na kuona kuwa nyasi za C4, yaani zenye usanisinuru wa aina ya nyasi nyingi za mbuga, zilikuwa zimetamalaki. Hewa ya ukaa wakati huo ilikuwa chini ya sehemu 200 kwa milioni (leo imepita 420), na miti hupata shida kujilisha katika hewa ya namna hiyo hata kama joto na mvua vinatosha. Baridi ilikuwepo, ndiyo, lakini si yote yaliyosababishwa na baridi. Chavua peke yake isingelisema hilo milele.

Kasoro zake nyingine zinajulikana. Punje za nyasi zinafanana zote. Hujui kama ni nyasi za mbuga au matete ya ziwani. Podo ana chavua zenye vifuko vya hewa zinazosafiri mbali, kwa hiyo utazikuta mahali ambapo hapajawahi kuota podo. Miti ya miombo, ambayo huchavushwa na wadudu, huacha chavua kidogo mno. Unaweza kuwa katikati ya miombo na tope lako likanyamaza. Mtu anayehesabu punje 300 na kuandika asilimia bila kusahihisha mambo haya anahesabu upepo.

Fitolithi: ningekushauri uanzie hapa

Naegemea upande wa fitolithi, nisifiche. Mmea hunyonya silika iliyoyeyuka ndani ya maji, nayo hugandamana ndani ya seli na kuchukua umbo lake. Mmea ukioza au kuungua, kigande kinabaki kwenye udongo. Hakihitaji kinamasi. Kinastahimili moto na oksijeni, na kwa sehemu kubwa hubaki pale mmea ulipofia. Kwa maeneo ya chimbuko la binadamu, ambako mashapo ni udongo wa kale na majivu ya volkano, hiyo ni neema.

Na kinatenganisha nyasi, jambo lililoshinda chavua. Nyasi ndefu za unyevu na joto huacha vigande vyenye umbo la kengele mbili. Nyasi fupi za nchi kavu huacha umbo la tandiko. Nyasi za baridi za juu mlimani zina maumbo yake. Mikindu na jamii zake huacha vitufe vyenye miiba ambavyo huwezi kuvikosea hata siku ya kwanza kwenye hadubini. Mafunjo na ndago wana vibati vyenye kilele. Olduvai, kazi za Rosa Maria Albert na Marion Bamford zimeweka mitende na ndago kwenye ramani ya makorongo yale, hatua chache kutoka mahali zana za mawe zilipookotwa.

Kazi iliyoipa njia hii heshima mpya ilitoka mwaka 2023 katika jarida la Science. Timu iliyoongozwa na Daniel Peppe ilikusanya fitolithi na isotopu kutoka maeneo tisa ya Afrika Mashariki, ya miaka kati ya milioni 21 na 16, ambako nyani wakubwa wa kale waliishi. Wakakuta nyasi za C4 tayari zipo kwa wingi, zaidi ya miaka milioni 10 kabla ya wakati uliokuwa ukitajwa vitabuni, na zikichanganyika na msitu na vichaka. Rusinga yenyewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, ambayo ina visiki vya msitu mnene uliofunga matawi juu, ina pia matabaka ya nchi iliyo wazi. Mabishano ya miaka mingi kama Rusinga ilikuwa msitu au pori yalitokana kwa sehemu na watu kulinganisha tabaka tofauti kana kwamba ni siku moja.

Udhaifu wake? Miti mingi huzalisha fitolithi chache kuliko nyasi, kwa hiyo mbuga hupiga kelele na msitu hunong'ona. Unahitaji uwiano wa miti kwa nyasi uliopimwa kwenye udongo wa leo wa eneo lako, si ulioazimwa Afrika Magharibi. Adui wake mkubwa ni magadi: tindikali haimsumbui, lakini pH (kipimo cha tindikali na magadi) ikipita 9 silika huanza kuyeyuka. Ziwa Natron, Ziwa Magadi, na sehemu za Olduvai ya kale ziko katika hatari hiyo. Ukikuta vigande vimetobokatoboka na kingo zimeliwa, simama. Vilivyobaki ni vile vigumu tu, na hesabu yako itapotosha.

Nta na isotopu: mkono mrefu, mfuko mrefu

Jani lina nta juu yake, na molekuli za nta hiyo hudumu mamilioni ya miaka hata jani lenyewe lisipoonekana. Ndani yake kuna kaboni yenye saini ya usanisinuru: mimea ya C3, yaani karibu miti yote na nyasi za baridi, ina thamani ya isotopu za kaboni ya karibu −27 kwa elfu kwa mmea mzima, mimea ya C4, yaani nyasi nyingi za mbuga, karibu −12. Nta zenyewe ziko chini zaidi lakini pengo linabaki. Haidrojeni ya nta hiyo hiyo husema kuhusu mvua: kwa Ziwa Tanganyika, Jessica Tierney na wenzake walichapisha mwaka 2008 rekodi ya miaka 60,000. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayoigusa mvua kwa mkondo mrefu namna hiyo.

Olduvai pia imefaidika. Mwaka 2013 Clayton Magill, Gail Ashley na Katherine Freeman walionyesha kuwa kati ya miaka milioni 1.9 na 1.8 iliyopita uoto uliyumba kutoka pori la miti hadi nyasi na kurudi, mara kadhaa, kwa mwendo wa haraka.

Mtego wake mkubwa uko kwenye mafunjo. Mafunjo ni C4, na huota miguu ndani ya maji. Mtu akipima tope la ukingo wa ziwa, akaona C4 kwa wingi, akaandika "savana kavu", ameugeuza kinamasi kuwa jangwa. Kinyume chake pia kipo: kwa Kenya, nyasi za juu ya mita 3,000 karibu zote ni C3, kwa hiyo mbuga ya mlimani inaweza kusomeka kama msitu. Fort Ternan, karibu na Kericho, ni kisa cha kufundishia: miaka milioni 14 iliyopita chavua na visukuku vya nyasi vinasema nyasi zilikuwepo kwa wingi, isotopu za udongo na za meno ya wanyama zinasema C4 ilikuwa haba. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kama nyasi hizo zilikuwa za C3.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu:

| | Linajibu nini vizuri | Linaona eneo gani | Linaharibiwa na nini | Uzito wa maabara |
|---|---|---|---|---|
| Jani | Kiasi cha mvua. Joto penye baridi | Ukingo wa ziwa | Mawimbi, mchanga, kuchelewa kuzikwa | Mdogo. Uvumilivu mkubwa |
| Chavua | Mlolongo wa uoto wa mlima | Bonde au wilaya nzima | Oksijeni, kukauka | Wa kati. Asidi hatari |
| Fitolithi | Aina ya nyasi, mitende, nyasi dhidi ya miti | Pale pale mmea ulipokuwa | Magadi, pH zaidi ya 9 | Mdogo hadi wa kati |
| Nta na isotopu | C3 dhidi ya C4, mwenendo wa mvua | Bonde zima, hata ng'ambo ya bahari | Joto la ardhini, uchafuzi | Mkubwa. Mashine ghali |

Miti iliyogeuka mawe, kama ile ya Sibiloi kando ya Turkana, inakupa jina la mti kwa uhakika kuliko chochote hapo juu, ila pete zake za ukuaji katika tropiki si za kutegemea. Makaa yanakueleza moto. Yote mawili ni mashahidi wa kusaidia, si wa kujengea kesi.

Gharama, na jinsi ya kuoanisha

Kwa fitolithi unahitaji asidi ya kuondoa chokaa, kemikali ya kuunguza mboji, kimiminika kizito cha kuelesha silika na hadubini ya kukuza mara 400. Maabara ya kawaida ya chuo inaweza. Chavua inahitaji asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili. Kama chuo chako hakina kabati la hewa linalofanya kazi kweli, acha, au tafuta utaratibu usioitumia. Nta inahitaji mashine ya kupima isotopu ya kila molekuli, na mara nyingi hiyo ina maana ya kusafirisha sampuli nje, yaani kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) pamoja na kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Anza makaratasi hayo mapema kuliko unavyodhani ni lazima.

Kama eneo lako ni korongo lenye udongo wa kale na majivu, chukua fitolithi, uongeze isotopu za kaboni za udongo mzima badala ya nta. Zinapatikana kwa bei nafuu na zinatosha kukutambulisha C4. Kama ni ziwa la mlimani au kinamasi, chavua ndiyo mhimili, na isotopu zikuzuie kuisoma hewa ya ukaa kama baridi. Kama una bahati ya tabaka la majani, yape majani msimu mzima, kisha chota tope lililo kati ya majani hayo hayo kwa ajili ya fitolithi: jani litakupa mvua, fitolithi zitakuambia kama chini ya miti palikuwa na nyasi, kitu ambacho jani la mti halisemi. Na kama swali lako ni mwenendo wa mvua kwa makumi ya maelfu ya miaka, hakuna mbadala wa nta. Tafuta mshirika mwenye mashine kabla ya kuchimba.

Vyovyote utakavyochagua, chota sampuli za njia zote kutoka tabaka moja, siku moja, kimo kile kile kilichopimwa. Ya fitolithi na chavua weka kwenye mfuko safi wa plastiki. Ya nta funga kwa karatasi ya alumini au tia kwenye chupa ya kioo, na usiishike kwa mikono mitupu: mafuta ya vidole na ya plastiki yana molekuli zinazoingiliana na zile unazozitafuta.